Laptopu ikiingia maji, usiiwashe "kuijaribu"

Mvua za wiki hii zimetuletea laptopu tatu, moja ikiwa imefukiwa kwenye mfuko wa mchele. Mwenyewe ni mwalimu aliyetoka Nansio kwa meli, begi likalowa akiwa anashuka hapa Mwanza.

"Fundi, juzi nilivyofika iliwaka vizuri tu, nikajaza alama za wanafunzi hadi usiku. Jana ikagoma. Shemeji akasema niiweke kwenye mchele."

Tulipoifungua, nilitoa punje mbili za mchele kwenye feni kwa kibano. Pembeni ya tundu la chaji, mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) ilikuwa imeota unga wa kijani, laini kama vumbi la chaki. Ni kutu ya shaba, na mchele hauna dawa yake. Mchele wa Magu tuupikie pilau.

Kilichoiumiza ni ule usiku wa kujaza alama. Umeme ukipita penye maji, njia nyembamba za shaba zinaanza kulika, na unaweza usione dalili yoyote kwa siku nzima. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari, ila madini yaliyomo yanatosha kupitisha umeme. Na betri ikiwa bado ndani, umeme upo hata kama umeizima.

Kwa hiyo ikilowa, zima swichi ya ukutani, chomoa chaji, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 10 mpaka izime kabisa. Kazi ambayo hukuihifadhi, isamehe. Kama betri ni ya kuchomoa, ichomoe. Ifungue uisimamishe kama paa la nyumba, kibodi ikitazama chini, juu ya taulo kavu. Usiitikise. Draya ya saluni iache saluni, maana inasukuma maji yaingie ndani zaidi. Halafu ilete siku hiyohiyo.

Ikiwa ni soda au chai ya maziwa, sema ukweli. Hatutakucheka (labda kidogo). Sukari haikauki ikaondoka kama maji, inabaki imeganda chini ya vitufe, na mara nyingi kibodi yote inabadilishwa.

Sisi tunaifungua, tunatenga betri, tunasugua mazabodi kwa brashi laini na spiriti ya isopropili, tunaikausha, kisha tunapima kwa multimita (kipima umeme) kabla ya kuirudishia umeme. Hatuahidi kwamba kila laptopu itapona. Mafaili ndiyo yana nafuu, kwa sababu diski mara nyingi husalimika, tunaichomoa na kukuhamishia kila kitu. Shida ni zile nyembamba za kisasa ambazo diski imechomelewa kwenye mazabodi. Hizo, mpaka mazabodi ifufuke kwanza.

Diski ya mwalimu ilikuwa ya kuchomoa. Ameondoka na alama zake kwenye flashi. Laptopu yenyewe bado iko mezani kwetu.