Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Dermatomayositisi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa, madaktari na wauguzi, wazazi wenzetu, watoto wetu wapendwa,

Karibu sana, na ahsante kwa kuitikia wito wetu.

Watoto unaowaona mbele yako wanaugua dermatomayositisi: kinga ya mwili imeigeukia misuli na ngozi yao. Ni ugonjwa adimu. Huko Marekani hukadiriwa kuwapata watoto kama watatu katika kila milioni moja kwa mwaka, na ndiyo maana wengi wetu tulizunguka mno kabla ya kuambiwa jina lake. Mtoto hawezi kuinua mikono achane nywele. Akikaa chini, anajikongoja kwa kushika mapaja ndipo asimame, na darasani anaitwa mvivu. Kope zinageuka zambarau, jambo ambalo kwenye ngozi nyeusi halionekani upesi.

Mheshimiwa, leo tunaomba tuseme habari ya moyo, maana moyo nao ni msuli. Ukivimba, au maji yakijaa kwenye mfuko wake, mtoto huhema na kila mtu hushtuka. Hilo ni nadra. Linalotutia hofu zaidi ni lile la kimyakimya: moyo unasukuma damu vizuri, ila haulegei vya kutosha ili ujae tena. Mtoto anacheza, anakula, halalamiki. Mwaka 2011 watafiti wa Oslo, Norway, walichapisha matokeo ya kuwapima watu 59 walioanza kuugua utotoni, wengi wao ikiwa imepita zaidi ya miaka kumi. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa na hitilafu hiyo.

Nazo dawa za prednisoloni, zinazotuliza kinga ya mwili, hupandisha presha zikitumika muda mrefu. Hatuzilaumu, ndizo zilizowanyanyua watoto wetu kitandani.

Kwa hiyo tunaomba kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na cha umeme wa moyo viwe kwenye ratiba ya kliniki, hata kwa mtoto anayeonekana mzima, badala ya kusubiri aheme. Tunaomba pia mikanda ya presha ya saizi ya watoto. Mkanda wa mtu mzima kwenye kamkono kembamba husoma presha chini kuliko ilivyo, na mzazi anarudi nyumbani ameridhika bure.

Kwa walimu waliopo: kofia na nguo za mikono mirefu si utundu, jua huchochea ugonjwa huu.

Tunaomba kuwasilisha.