Kuhusu hiyo nafasi yako

Swahiba wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa kukereka. Umepata kazi uliyoililia miaka yote hii, halafu unajieleza ukurasa mzima kama mtu aliyefumaniwa. Eti aliyechaguliwa mwanzo alijitoa, ndipo wakakupigia wewe. Eti watu wanasema umeokota dodo chini ya mwarobaini. Na wewe umekubali!

Kwamba ni bahati, sibishi. Yule mtu asingejitoa, leo ungekuwa unaniandikia mambo mengine kabisa. Lakini mbona hakuna anayeuliza ilikuwaje jina lako likawa la pili kwenye ile orodha, si la mwisho? Hilo halikuokotwa popote.

Sijui kama umewahi kumsikia Steven Bradbury, Mwaustralia wa mbio za kuteleza kwenye barafu. Mwaka 2002, kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, aliingia fainali ya mita 1000 akiwa mzee kuliko wenzake na bila kasi ya kuwafikia. Hata robo fainali alivuka kwa sababu mmoja wa waliomtangulia aliondolewa kwa kosa. Basi yeye na kocha wake wakapiga hesabu: hawa vijana watasukumana, wewe kaa nyuma, usianguke. Kona ya mwisho kabisa, mmoja akayumba, akamkumba wa pili, na kufumba na kufumbua wote wanne wako chini, wengine wanajaribu kujivuta mstarini kwa mikono. Bradbury akapita katikati ya majeruhi akiwa wima, uso umejaa mshangao. Dhahabu ya kwanza ya Australia katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Dunia ilicheka. Mimi mwenyewe nilicheka nilipoona ile video. Sasa sikia yaliyotangulia. Mwaka 1994, alipokuwa na kasi kweli, kwenye Olimpiki na kwenye umbali uleule wa mita 1000, aliangushwa na mshindani mwenzake. Mwaka huohuo, kwenye mashindano mengine, kisu cha kiatu cha mtu kilimchana paja, akamwaga damu karibu lita nne na kushonwa nyuzi 111. Mwaka 2000 akavunjika mifupa ya shingo. Mtu wa namna hiyo, miaka minane baada ya ile 1994, bado anaamka kwenda mazoezini. Siku alipostahili aliangushwa yeye, na siku asiyostahili wakaanguka wengine. Ukitaka kusema hakutokwa jasho, sema, ila useme ukiwa umesimama juu ya vile viatu.

Lakini anayenikaa moyoni zaidi ni mwanasayansi Katalin Karikó. Mwaka 1985 alitoka Hungaria kwenda Marekani na mumewe na binti yao mdogo. Fedha walizopata kwa kuuza gari, pauni 900 hivi, zilishonewa ndani ya mwanasesere wa dubu wa mtoto. Huko akang'ang'ania kitu ambacho karibu kila mtu alikiona hakina mbele wala nyuma: kutumia mRNA, yaani ule ujumbe unaoiambia seli ya mwili itengeneze protini gani, kama dawa. Maombi yake ya ruzuku yakakataliwa na kukataliwa. Mwaka 1995 chuo alichokuwa akifanyia kazi kikamshusha cheo.

Miaka miwili baadaye akawa kwenye mashine ya kudurufu. Ndiyo, mashine ya kudurufu, ile inayokwama karatasi. Zama hizo ukitaka makala ya kisayansi uliitoa nakala mwenyewe, na alikuwapo daktari mmoja mgeni pale chuoni, Drew Weissman, naye anaitaka mashine hiyohiyo. Wakaanza mazungumzo. Huyu anatafuta chanjo ya virusi vya Ukimwi, yule anasema mimi natengeneza mRNA, naweza kukutengenezea yoyote unayoitaka. Bahati yenyewe, swahiba, ndiyo hiyo tu. Huenda ilichukua muda mfupi kuliko chai kupoa.

Angalia sasa kilicho huku na huku kwake. Kabla, kazi ya miaka mingi ambayo hakuna aliyeipigia makofi. Bila hiyo angekuwa na nini cha kumwambia Weissman? Wangesalimiana, kila mtu akachukua karatasi zake akaondoka. Baada, wakahangaika hadi 2005 ndipo wakachapisha namna ya kubadili kijenzi kimoja cha mRNA ili mwili usiishambulie kama adui. Hata hapo wachache ndio waliogeuza shingo. Ilibidi ije korona, 2020, watu wadungwe chanjo zilizotokana na kazi ile, na tuzo ya Nobel ikafuata 2023.

Usinielewe vibaya. Siko upande wa wale wanaohubiri kwamba ukijituma lazima utafika. Wapo waliojituma kuliko Karikó na mashine yao ya kudurufu haikuwa na mtu. Wazee walishasema juhudi haiondoi kudura, na nadhani waliwaona wengi. Ndiyo maana sipendi ujigambe, na sipendi vilevile ujikunyate. Jitihada haiiti bahati. Inachofanya ni kwamba bahati ikikupitia, ikukute una kitu mkononi. Wewe ilikukuta nacho. Zile kozi ulizosoma usiku umerudi kazini hoi, mimi nilikuwa nakusikia kwenye simu ukipiga miayo.

Umeniuliza kama uwaambie wafanyakazi wenzako wapya ulivyoingia. Wakiuliza, waambie: nilikuwa wa pili, wa kwanza akajitoa. Sentensi moja inatosha, kisha uendelee na kazi yako. Ukianza kuficha ndipo watakapodhani kuna jambo. Na huyo aliyejitoa, tafadhali usimtafute umshukuru kama ulivyopanga. Hakujitoa kwa ajili yako, na utamtia kiwewe bure.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Wiki ya kwanza ikiisha niandikie, na safari hii nataka habari za kazi yenyewe: bosi yukoje, na kama kweli watakupa ule mradi waliokuulizia kwenye usaili.

Wako wa siku zote.