Majilio yanapokaribia: barua kutoka Malindi

Malindi,
Mwishoni mwa Novemba

Ndugu yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeipata barua yako kutoka Shela, huko Lamu, nami nimeisoma kwa makini, hasa pale unapouliza utajiandaaje kwa Majilio, kipindi chetu cha kungoja Noeli, ilhali Desemba ndio mwezi ambao hoteli hufurika wageni, zamu huongezwa, na ruhusa ya kwenda Misa Dominika huwa adimu. Huku Malindi hali ni hiyo hiyo. Kaskazi ikishaanza kuvuma, watalii na jamaa zetu wa bara humiminika, na nyimbo za Noeli huanza kusikika madukani hata kabla hatujaadhimisha Sherehe ya Kristo Mfalme, Dominika ya mwisho kabla ya Majilio.

Kwa maoni yangu, kinachotupungukia zaidi si muda. Tumezoea kuyafanya Majilio kuwa Noeli iliyoanza mapema, na Kanisa halikukusudia hivyo. Tangu Dominika ya kwanza, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, hadi tarehe 16 Desemba, masomo ya Misa hayatupeleki moja kwa moja Bethlehemu. Yanatukumbusha kwamba Kristo atarudi kwa utukufu, yanatuamuru tukeshe, kisha yanamleta Yohane Mbatizaji akitudai matunda ya toba. Ni kuanzia tarehe 17 ndipo liturujia inapogeukia waziwazi kuzaliwa kwa Bwana. Padre huvaa zambarau, na wimbo wa Utukufu huachwa katika Dominika hizo, lakini Aleluya inabaki, kwa maana toba ya Majilio ni ya watu wenye matumaini.

Wewe unaishi kati ya Waislamu huko Lamu, na bila shaka umeona jinsi wachaji miongoni mwao wanavyoanza kujiweka tayari kwa Ramadhani tangu Rajabu na Shaabani, wakifunga sunna na kulipa siku wanazodaiwa, wala hakuna anayesherehekea Idi kabla mwezi haujaandama. Natamani sisi nasi tuuheshimu wakati wa kungoja kwa kiasi hicho.

Kwa ajili hiyo nakuomba uyaanze Majilio yako pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule mmisionari wa kale, ambaye sikukuu yake, tarehe 3 Desemba, daima huwa mwanzoni kabisa mwa kipindi hiki. Huyu si mgeni kwetu. Aliondoka Lisbon mwezi Aprili 1541, akakwama Msumbiji kwa miezi akingoja safari iendelee, na muda huo aliutumia kuwauguza wagonjwa. Mwaka 1542 merikebu yake ilitia nanga hapa Malindi. Abiria mmoja aliyefariki alizikwa hapa, na mapokeo yanakitaja kile kikanisa cha Wareno kilicho karibu na bahari. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mzee mmoja Mwislamu wa mji huu alimlalamikia kuwa ibada imepoa, kwa kuwa kati ya misikiti kumi na saba ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa, akamwuliza kama Wakristo nao wamelegea namna hiyo. Swali hilo hunirudia kila Novemba, nami nadhani bado tunadaiwa jibu lake. Miaka kumi baadaye, tarehe 3 Desemba 1552, Fransisko alifariki katika kisiwa cha Shangchuan akingoja chombo cha kumvusha hadi China, na hakuvuka. Kungoja kwake hakukuwa kukaa bure: palipokuwa na mgonjwa alimhudumia, palipokuwa na mtu wa kuzungumza naye alimsikiliza.

Basi usijitwishe sala nyingi ambazo zamu za usiku zitakunyang'anya. Soma kidogo katika Isaya kila siku kabla ya kushika simu, na sura ya 40 uirudie mara kwa mara. Kitubio usikiache hadi juma la mwisho, wakati misururu ni mirefu na padre amechoka. Siku yoyote utakayopata nafasi ya kumwona mwanzoni mwa Desemba, mwendee. Na yule mwenzako wa jikoni uliyeniandikia habari zake, ambaye hamjasemezana tangu mfungo wa Kwaresima, mtafute kabla ya kwenda kuungama. Najua kosa lilikuwa lake zaidi. Hata hivyo Injili ya Mathayo inatutaka tupatane na ndugu kwanza, ndipo tulete sadaka yetu, na haiulizi nani alianza.

Kuanzia tarehe 17 hadi 23 utaniwia radhi nikikusumbua: kila jioni nitakutumia antifona, yaani kiitikio kifupi, ya Masifu ya Jioni ya siku hiyo, tukianza na Ee Hekima na kumalizia na Ee Emanueli, ili tuisali pamoja, wewe ukiwa kazini nami nikiwa nyumbani. Unijulishe mapema ni saa ngapi unapumzika, na unieleze pia kama mmezungumza na huyo mwenzako.

Mama anakusalimu sana, na jumuiya yetu ndogo inakuombea.

Wako katika Kristo,
Rafiki yako wa Malindi