Chama cha wauguzi kina deni la majibu kuhusu chanjo ya lazima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wauguzi wanaovutana na vyama vyao kwa sababu ya amri za chanjo kazini, na pia na viongozi wa vyama hivyo. Mvutano huu haukuisha na UVIKO-19. Zipo hospitali zinazodai chanjo ya homa ya ini B, ya surua na ya mafua ya msimu, na siku ugonjwa mwingine utakapozuka amri nyingine itatoka. Msimamo wangu niuseme mapema: naona muuguzi achanjwe. Lakini chama kinachokata ada kila mwezi, kisha mwanachama akiandikiwa barua ya kusimamishwa kazi kinakaa kimya, kimemkosea mwanachama huyo, awe amechanjwa au hajachanjwa.

Wauguzi wengi wanaokishtaki chama chao hushindwa kwa sababu wanashtaki jambo ambalo baraza la kazi, yaani chombo kinachosikiliza migogoro ya kazi, halina mamlaka nalo. Wanafika na mafaili mazito ya makala kuhusu madhara ya chanjo, ilhali swali lililo mbele ya baraza ni moja tu: chama kilifanya nini na lalamiko la mwanachama? Mahakama ya Juu ya Marekani iliweka kipimo chake mwaka 1967, katika shauri la Vaca dhidi ya Sipes. Ilisema chama huvunja wajibu wa kumwakilisha mwanachama kwa haki pale kinapotenda kiholela, kwa ubaguzi au kwa nia mbaya. Jimbo la Ontario nchini Kanada lina kipimo hicho hicho katika kifungu cha 74 cha Sheria ya Mahusiano Kazini ya 1995. Maana yake ni kwamba chama kinaweza kukataa kulipeleka lalamiko kwa mwamuzi, yaani mtu huru anayeamua mgogoro kati ya chama na mwajiri. Kinaweza hata kuiunga mkono amri ya mwajiri, kwa kuwa miongoni mwa wanachama wake wamo pia wauguzi wanaotibiwa saratani au wenye kinga dhaifu, wanaopokezana zamu na wenzao wasiochanjwa. Kinaweza kukosea pia, mradi kilikosea baada ya kulitazama jambo kwa nia njema. Kutolitazama kabisa hakuna udhuru.

Na hapo ndipo vyama vingi vilipoteleza. Makao makuu yanaomba maoni ya wakili mmoja, wakili anasema amri itasimama, kisha maoni hayo yanageuzwa barua moja inayotumwa kwa kila aliyelalamika. Barua hiyo hiyo anapelekewa muuguzi aliyepata mzio mkali wa ghafla baada ya dozi ya kwanza, muuguzi anayejibu simu za wagonjwa akiwa nyumbani na hakutani na mtu, na muuguzi aliyekuwa likizo ya uzazi siku amri ilipotoka. Maoni ya wakili kuhusu amri kwa ujumla yanaweza kuwa sahihi kabisa, na bado yasijibu lolote kuhusu watu hawa watatu. Kama viongozi wangewatenga tangu wiki ya kwanza wenye sababu za kitabibu, wenye sababu za dini, walio nje ya wodi na wasiotaka tu, kazi ingepungua na makosa yangepungua.

Ushindi uliopatikana nao unafundisha. Mwaka 2004 hospitali ya Virginia Mason mjini Seattle iliamua kwamba chanjo ya mafua ni sharti la ajira. Chama cha wauguzi cha jimbo la Washington kilifungua lalamiko, na hoja yake haikuwa ubaya wa chanjo: kilisema mwajiri ameongeza sharti jipya bila kukaa mezani na chama. Mwamuzi alikubali, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa kuutengua uamuzi wake. Huko Ontario hospitali kadhaa zilikuwa na sera ya mafua iliyompa muuguzi chaguo la kuchanjwa au kuvaa barakoa msimu mzima. Chama cha wauguzi cha Ontario kiliipinga kwa kuita wataalamu watoe ushahidi kuhusu maambukizi ya mafua na uwezo wa barakoa, na kikashinda mara mbili, mwaka 2015 katika shauri la hospitali ya Sault na mwaka 2018 katika shauri la hospitali ya St. Michael's, Toronto. Waamuzi waliona ushahidi wa kumlazimisha muuguzi mwenye afya avae barakoa ni haba mno.

Ushindi huo wa mafua ndio wauguzi wengi waliukumbuka mwaka 2021, wakauliza kwa nini chama hakikupigana vile vile. Swali ni halali, ila jibu halikuwa lazima liwe usaliti. Mwamuzi hupima sera ya mwajiri kwa ushahidi wa wakati ule na ugonjwa ule, na UVIKO-19 ulikuja na wodi zilizojaa na vifo vya wahudumu. Tena amri haikutoka kwa mwajiri peke yake kila mahali. Nchini Marekani kanuni ya serikali kuu ilizibana hospitali zinazopokea fedha za Medicare na Medicaid, mipango ya serikali ya kulipia matibabu ya wazee na ya watu wa kipato cha chini, na tarehe 13 Januari 2022 Mahakama ya Juu iliiruhusu kwa kura 5 dhidi ya 4. Lalamiko dhidi ya mwajiri anayetekeleza kanuni ya serikali lina nafasi finyu. Kilichobaki mikononi mwa chama hapo ni utekelezaji wake: nani anasamehewa kuchanjwa, nani anahamishwa, nani analipwa akisubiri majibu.

Nchini Uingereza ilionekana jinsi tarehe zinavyoweza kuwa nzito kuliko hoja. Kwa wahudumu wa afya wa England sharti la chanjo ya UVIKO-19 lilikuwa lianze tarehe 1 Aprili 2022. Kwa kuwa dozi mbili zilitenganishwa kwa wiki 8, dozi ya kwanza ilipaswa kuchomwa kufikia tarehe 3 Februari. Serikali ilitangaza kurudi nyuma tarehe 31 Januari, siku 3 kabla, na kanuni ikafutwa tarehe 15 Machi. Aliyejiuzulu katikati ya Januari kwa hasira alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya sharti ambalo halikuja kuanza.

Kwa hiyo, muuguzi, usijiuzulu. Anayefukuzwa ana lalamiko la kufukuzwa bila sababu ya haki. Aliyejiuzulu ana barua yake mwenyewe inayomshuhudia. Usisaini fomu yoyote ya kuacha kazi kwa hiari ili upewe hati ya utumishi upesi. Na usithubutu kununua cheti cha chanjo cha bandia, maana hapo shauri linageuka udanganyifu, leseni yako inaingia hatarini, na mwakilishi wako hana la kukutetea.

Kisha hesabu siku. Mikataba mingi ya pamoja, yaani ile ambayo chama na mwajiri wameisaini, hutoa siku chache tu za kufungua lalamiko, na zinahesabiwa tangu siku uliyopokea barua, hata kama tawi linaendelea na vikao. Mwandikie mwakilishi wa tawi lako barua au barua pepe yenye tarehe, ubaki na nakala. Mazungumzo ya korido hayathibitishiki mwaka unaofuata. Ambatanisha sera yenyewe, barua ya onyo, majibu ya ombi lako la msamaha na barua ya daktari. Omba mambo manne kwa maneno ya wazi: chama kifungue lalamiko lako kabla ya tarehe ya mwisho, kikuambie limefika hatua gani, kikikataa kikuandikie sababu inayohusu hali yako wewe, na kikuonyeshe njia ya rufaa ndani ya chama. Waraka wenye saini mia mbili unaipa shinikizo kamati kuu, lakini hausimami badala ya lalamiko la mtu mmoja mmoja. Wengi walitia saini wakadhani wamelalamika, siku zikapita.

Viongozi nao wana dawa rahisi ya tatizo hili la siku, na inaniuma kuona haitumiki. Chama hufungua lalamiko moja kuhusu sera nzima, kisha kinafungua malalamiko ya kila mwanachama kwa wakati na kukubaliana na mwajiri kwa maandishi kwamba yatasubiri uamuzi wa lile kubwa. Lalamiko kubwa likishindwa, la mwenye mzio bado lipo hai. Sambamba na hilo chama kimwandikie mwajiri kudai taarifa: wangapi hawajachanjwa na katika idara zipi, ni ushahidi gani uliotumika, kwa nini upimaji au uhamisho havikutosha, na nani anashika taarifa za afya za wafanyakazi. Mwajiri akinyamaza, kimya chake kinakuwa ushahidi mbele ya mwamuzi.

Barua ya daktari ndiyo inayoangusha maombi mengi ya msamaha. “Hafai kuchanjwa kwa sababu za kiafya” ni sentensi isiyomsaidia mtu. Barua iseme ni chanjo gani au kiambato gani, kwa mfano kemikali ya polietilini glikoli iliyomo katika chanjo za UVIKO-19 za aina ya mRNA, kama za Pfizer na Moderna. Dalili zilikuwa zipi. Zilianza baada ya dakika au saa ngapi. Alitibiwa kwa nini, kama alichomwa adrenalini. Na kama kizuizi ni cha kudumu au cha muda. Iseme pia kama chanjo ya aina nyingine isiyo na kiambato hicho inawezekana. Kukwepa swali hilo ndiko kunakomfanya mwajiri ashuku. Fomu zilizonakiliwa mtandaoni, zenye maneno yale yale kwa wauguzi 40, hukataliwa zote pamoja, na aliye na sababu ya kweli anazama nazo.

Kabla ya kulipeleka shauri la chama nje, maliza rufaa za ndani, lakini usisahau saa ya nje inayokimbia. Kwa wafanyakazi wa sekta binafsi Marekani muda wa kukishtaki chama ni miezi 6. Huko ukitaka kurudishwa kazini huthibitishi kosa la chama tu. Unathibitisha pia kwamba mwajiri alivunja mkataba, na mojawapo likianguka yote yameanguka. Ni vizuri kujua pia kwamba kukishinda chama mara nyingi hakukurudishi wodini. Baraza linaweza kukiagiza chama kilipeleke lalamiko lako kwa mwamuzi licha ya muda kupita, pengine kwa wakili asiye wa chama. Shauri la ajira yenyewe ndiyo kwanza linaanza.

Mahali penye nafasi kubwa zaidi ni mkataba ujao, na mfano mzuri upo tayari. Tangu 1991 kanuni ya Marekani kuhusu vijidudu vinavyoambukizwa kwa damu inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi aliye hatarini chanjo ya homa ya ini B bure, ndani ya siku 10 za kazi tangu apangiwe kazi hiyo, baada ya mafunzo. Asiyetaka anasaini fomu ya kukataa, na akibadili mawazo baadaye anapewa bure vile vile. Kwa chanjo hii nisingependa muuguzi yeyote aisaini fomu hiyo: asiye na kinga akichomwa na sindano ya mgonjwa mwenye virusi vingi, hatari ya kuambukizwa hufika hadi 30 kwa 100. Hata hivyo utaratibu wenyewe ni wa heshima, na kwa magonjwa yanayoambukizwa kwa njia ya hewa, ambako mgonjwa naye yumo hatarini, chama kinaweza kudai masharti yanayolingana na hatari hiyo. Uhamisho au upimaji utangulie likizo bila malipo. Mshahara uendelee wakati ombi la msamaha linachunguzwa, na jibu litoke kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa. Muda wa kwenda kuchanjwa na siku ya homa inayofuata vihesabiwe kazini. Anayedhurika na chanjo aliyoamriwa ahesabiwe ameumia kazini. Rekodi zikae kwa kitengo cha afya ya wafanyakazi, zisipite mezani kwa msimamizi wa wodi. Tarehe ya kuipitia upya sera iandikwe ndani ya sera yenyewe, na isizidi miezi 6.

Mtetezi wa haki za wafanyakazi wa afya