Mji wa Marstrand, kwa Zuhura

Göteborg, Uswidi

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila baridi imeshaanza kupiga hodi. Zile picha umezisifu, halafu ukauliza: "Nyumba nzuri hivyo, mbona watu hamna?" Nikaona jibu halienei kwenye simu, ndiyo nakuandikia.

Mahali penyewe panaitwa Marstrand. Kutoka hapa Göteborg ni basi la kama saa moja kwenda kaskazini, kisha kivuko cha dakika chache tu. Mtu hata kukaa hawahi. Magari yanaachwa ng'ambo, kisiwa cha Koön. Upande wa pili unatembea kwa miguu, na mizigo inabebwa na vipikipiki vyenye kitoroli mbele. Nyumba ni za mbao, nyeupe na njano, na varanda zake zina nakshi ya kuchonga ambayo ungeikodolea macho. Juu ya kilima imekaa ngome ya mawe, Carlsten, inautazama mji kama mama mkwe.

Sasa jibu: nyumba nyingi ni za watu wanaokuja kiangazi tu. Julai bandari inajaa mashua za matanga, huwezi kupata pa kuketi. Novemba unapita mtaa mzima madirisha yote giza. Wenyeji wa mwaka mzima, ukijumlisha na wa Koön, ni elfu moja na mia kadhaa. Lakini usidhani hilo ni jambo la juzi. Mimi nimeusoma mji huu nikaona tangu zamani riziki yake ni mgeni: akija wananenepa, akiondoka wanabaki wanatazamana.

Mgeni wa kwanza alikuwa samaki. Mji ulianza karne ya 13, enzi za Mfalme Håkon Håkonsson wa Norwei, maana pwani yote hiyo ilikuwa ya Norwei hadi mkataba wa Roskilde wa 1658 ulipoikabidhi kwa Uswidi. Heringi, jamaa yake dagaa, hufika pwani ile kwa makundi makubwa miaka na miaka, kisha hupotea. Nusu ya pili ya karne ya 16 alikuja, mji ukatajirika. Akatoweka. Katikati ya karne ya 18 akarudi kwa wingi usiosemeka, wakawa wanamchemsha kwa wingi kukamua mafuta ya kuwashia taa ya kuuza nje. Mwanzoni mwa karne ya 19 akaondoka tena, hakuaga mtu. Siku hizi utaletewa mezani akiwa amelowekwa kwenye siki na sukari. Sukari, Zuhura, kwenye samaki! Nimeishi huku miaka yote hii, hilo bado linanishinda.

Mwaka 1775 Mfalme Gustaf III aliufanya mji bandari huru. Bidhaa ziliingia bila ushuru, na mtu wa dini yoyote aliruhusiwa kukaa, jambo ambalo Uswidi kwingine lilikuwa halipo. Wayahudi wakajenga maisha pale na kupata mahali pao pa kuswalia ndani ya ngome ndogo ya Fredriksborg. Aliyekimbia madeni naye alipokelewa, hata mwenye kesi zake, ilimradi hakuua. Fikiria mchanganyiko huo kwenye kisiwa unachokizunguka kwa miguu asubuhi moja! Mwaka 1794 ruhusa ikafutwa, wafanyabiashara wakahama.

Ngome ndiyo iliyonikalisha muda mrefu. Ilianza kujengwa baada ya 1658, na waliobeba mawe yale ni wafungwa. Utaingia chumba cha gereza, ukuta unachuruzika maji hata kiangazi, na mlango ni mfupi, lazima uiname. Mwaka 1719 akaja Tordenskjold, kamanda wa jeshi la majini la Denmark na Norwei, akauteka mji, ngome ikabaki mikononi mwa Waswidi. Wenye kusimulia husema mkuu wa ngome, Danckwardt, alimtuma ofisa ashuke akahesabu askari wa adui. Tordenskjold akamkirimu ofisa yule vinywaji mpaka akalegea, kisha akamtembeza mitaani. Kila kona wamejipanga askari. Mgeni akishapita, askari walewale wanakimbia kwa uchochoro na kujipanga kona ya mbele. Ofisa akarudi na habari za jeshi kubwa. Sijui kama ilikuwa hivyo hasa, ila Danckwardt kweli alisalimu amri, na Waswidi wenzake wakamkata kichwa kwa kosa hilo. Mwaka uliofuata ngome ikarudishwa kwa mkataba wa amani.

Na yuko mfungwa mmoja ambaye ungempenda: Lasse-Maja. Alikuwa mwizi aliyevaa nguo za kike na kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, halafu anatoweka na fedha. Alipoiba vyombo vya kanisa akatupwa Carlsten kifungo cha maisha, 1813. Huko akawa mpishi wa maofisa, maana mikono yake ilikuwa mizuri jikoni. Wakati huo matajiri walikuwa wameanza kuja Marstrand kuoga maji ya bahari kwa ajili ya afya, nao walipanda kilimani kumsikiliza akihadithia wizi wake. Hata mfungwa akawa riziki ya wageni! Mwaka 1838 mfalme akamsamehe.

Wageni wa kuoga ndio waliobaki. Tangu 1887 Mfalme Oscar II alikuwa akija karibu kila kiangazi, na nyingi ya zile varanda ulizozipenda zilijengwa kwa ajili ya watu waliomfuata yeye. Leo wanafuata mashindano ya matanga. Bei za nyumba sikutajii, utakosa usingizi. Watoto wa wenyeji wanapanga bara.

Ukija, njoo Mei au mwanzo wa Septemba, ngome iko wazi na foleni ya kivuko hamna. Chukua sweta nene na viatu visivyoteleza, mawe ya pale si mchezo. Samaki nitakupikia mimi, kwa nazi.

Msalimie mama, na mwambie ile picha ya varanda namtengenezea kubwa.

Wako,
Rehema