Barua kwa mwanangu anayeanza kuchora antena za simu

Mwanangu mpendwa,

Antena hiyo ya GSM 900 na 1800, yaani masafa ya simu ya megahezi 900 na 1800, usiianze kwenye kompyuta. Anza na kichwa cha mtu atakayeishika simu. Nishati inayofyonzwa na mwili kila sekunde hupimwa kwa wati kwa kilo, kipimo tunachokiita SAR. Marekani hawaruhusu kuzidi 1.6 kwa wastani wa gramu 1 ya mwili. Ulaya ni 2 kwa gramu 10. Namba hizo usizilinganishe moja kwa moja, kwani gramu 1 hunasa kilele, yaani pale SAR ilipo kubwa kabisa, ambacho gramu 10 hukifukia.

Kilele hukaa wapi? Mwaka 1992 watafiti Kuster na Balzano walionyesha kwamba hufuata mkondo wa umeme, si mahali penye volti kubwa. Antena za zamani za kuchomoza zilikuwa na mkondo mkubwa shinani, yaani sikioni kabisa. Ndiyo sababu napendelea bamba la PIFA, antena bapa ya chuma, lililolazwa mgongoni mwa simu, ethi (tabaka la chuma la bodi ya simu) ikiwa kati yake na shavu. Robo ya wimbi la 900 ni kama milimita 83; urefu na upana wa bamba ukijumlishwa ukaribie hapo, kisha ukate mfuo, yaani ufa mwembamba, ndani yake upate 1800. Liinue milimita 7 hadi 10 juu ya ethi. Watakuomba 4 ili simu iwe nyembamba. Ukikubali, antena haitafunika tena masafa yote ya 880 hadi 960.

Hapa ndipo wengi hupotea: kwenye 900 bamba halirushi mawimbi peke yake, bodi nzima hurusha nalo. Kwa hiyo ethi inayokinga vizuri kwenye 1800 haikingi sana kwenye 900, na kilele huhamia katikati ya shavu. Kuishusha antena upande wa mdomo huiondoa sikioni, lakini kiganja huifunika na kuivuta nje ya masafa yake. Ipime na mkono bandia pia.

Kimiminika cha kichwa bandia, kinachoshika nafasi ya mwili wakati wa kupima SAR, kichanganye mwenyewe angalau mara moja, ukielewe. Kwa 900, zaidi ya nusu ya uzito ni sukari, maji kama asilimia 40, chumvi asilimia moja na nusu hivi. Sukari hushusha dielektriki ya maji, yaani namba ya jinsi yanavyoitikia uga wa umeme, hadi 41.5; chumvi hupandisha upitishaji umeme hadi siemens 0.97 kwa mita. Maji hupungua kwa mvuke, kwa hiyo hakiki namba hizo kabla ya kila kipimo. Zikitoka nje ya asilimia 5, rekebisha kwanza. Kina kisipungue sentimita 15. Pima kushoto na kulia, simu ikigusa shavu na ikiinamishwa nyuzi 15, kwenye chaneli ya chini, ya kati na ya juu.

Na tafadhali, SAR iliyoshuka isikufurahishe kabla hujapima nguvu inayotoka hewani. Antena mbovu hupunguza SAR maabara kwa sababu nguvu imepotelea ndani ya simu. Mtaani mnara utaiamuru simu iongeze nguvu, na betri itaisha mapema. Stika za kukinga mionzi zina kasoro hiyohiyo.

Ukimaliza kipimo cha kwanza niandikie namba zote mbili, SAR na nguvu inayotoka hewani, na uchore pale kilele kilipokaa.

Baba yako