Risala ya wahitimu wa usanifu wa uzoefu wa mtumiaji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu,
Wazazi na walezi,
Wahitimu wenzangu,
Mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, na tunakushukuru wewe kwa kuacha majukumu ya ofisi na kuja kukaa nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wahitimu 23, wanawake 11 na wanaume 12, tuliosoma kwa miezi tisa fani ya usanifu wa uzoefu wa mtumiaji. Kazini wengi huiita UX tu. Wazazi wetu waliopo hapa, wakiulizwa na majirani mtoto anasoma nini, wamekuwa wakijibu "kompyuta", nasi tukaacha lipite kwa kukosa maneno. Leo tunaomba tulieleze mbele yao. Mtu anapolipia maji kwa simu, kuna aliyeamua aulizwe nini kwanza, kitufe kikae wapi, juu yake kiandikwe neno gani, na akikosea kitokee nini. Aliyeamua hayo akikaa kwanza na mlipaji na kumwangalia, mlipaji humaliza akaendelea na shughuli zake. Akiamua peke yake mezani, mlipaji huishia kutafuta kijana wa kumsaidia. Maamuzi hayo ndiyo kazi yetu.

Tulisoma kwamba jina la fani lilienea kupitia Don Norman, mtaalamu wa usanifu wa Marekani aliyejiunga na kampuni ya Apple mwaka 1993 na kuchukua cheo cha msanifu wa uzoefu wa mtumiaji. Lakini aliyetufungua macho ni mwenzetu mmoja aliyekuwa wakala wa miamala ya simu Mbagala Rangi Tatu kwa miaka minne kabla ya kuja chuoni. Wiki ya pili mkufunzi alituuliza wateja hukwama wapi kwenye menyu za kutuma pesa. Sisi wengine tulibahatisha. Yeye alisimama akaeleza kipindi kizima. Alieleza kuhusu mabibi wanaomkabidhi simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni ikisikia. Alieleza kuhusu wateja wanaoandika namba ya mpokeaji kwenye kiganja cha mkono, kwa sababu menyu ikishafunguka kwenye kitochi huwezi kurudi kwenye majina kuitazama, na ukichelewa inajifunga, unaanza upya. Tulikuwa tumezoea kusema watu hao "hawajui simu". Siku ile tuliacha kusema hivyo. Kiganja kilichoandikwa namba ni ushahidi kwamba kuna jambo msanifu hakuliona.

Mkufunzi akatuongezea habari ya M-Pesa, ambayo wengi tulidhani tunaijua. Huduma ile ilipojaribiwa Kenya kuanzia mwaka 2005, ilikusudiwa wakopaji warejeshe mikopo midogo kwa simu. Waliopewa wajaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiwafuatilia waliliona, wakabadili mpango, na Machi 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikafika kwetu Tanzania. Sisi tunaona kwamba usikivu ule una sehemu kubwa katika mafanikio yale.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba uniruhusu nikae kidogo kwenye zoezi letu kubwa, maana ndilo lililotufanya tuipende kazi hii. Tulibuni programu ya kuwakumbusha akina mama tarehe za kliniki. Rangi zilipendeza, maandishi tuliyapima yasomeke hata juani, vitufe tulivifanya vikubwa vya kutosha kidole gumba. Tulijiona tumemaliza. Kisha tukaenda soko la Mabibo na simu mbili. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia mifumo, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za mfumo. Sisi hatukufika hata wa tatu. Mama mmoja muuza mchicha alisoma skrini iliyoandikwa "Kliniki: 09:00", akatabasamu, akasema, "Saa tisa ni vizuri, wanangu, nitakuwa nimeshafunga biashara."

Tulinyamaza wote. Sisi tulimaanisha saa tatu asubuhi. Yeye angefika alasiri, akakuta wauguzi wameshafunga, na pengine angegombezwa kwa uzembe. Hakukosea kusoma. Kwa Kiswahili siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na tisa ni tisa. Sisi, watoto wa humu humu, tunaosema "tukutane saa tatu" kila siku, tulipofungua kompyuta tulisahau lugha yetu tukachukua saa ya kompyuta kama ilivyo. Tukaandika upya: "Saa 3 asubuhi". Ndani ya mfumo saa ilibaki vilevile. Kilichobadilika ni kile anachokiona mama. Mwandaaji programu alitumia nusu saa kubadilisha.

Siku hiyohiyo kijana mmoja wa bodaboda aliliona neno "Ghairi" kwenye kitufe akauliza, "Hii nikibonyeza inakata hela?" Neno ni zuri na liko kwenye kamusi, lakini hakulibonyeza, na hakubonyeza kitu kingine chochote. Tuliweka "Rudi nyuma". Hatusemi haya kuwadharau waliotutangulia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na tunawaheshimu sana wazee wale. Shida tunayoiona sasa ni mifumo inayosanifiwa yote kwa Kiingereza, halafu siku mbili kabla ya uzinduzi anaitwa mtu atafsiri vitufe. Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza kinakata neno la Kiswahili katikati, na mfasiri anaambiwa atafute neno fupi zaidi. Hapo ndipo maneno yasiyoeleweka na mtu yeyote yanapozaliwa.

Kila tuliyemwomba ajaribu tulimweleza kwanza tunaandika nini na kwa nini, tukamwomba ridhaa, na jina lake hatukulichukua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuheshimu taarifa za watu, na hata isingekuwepo, mama anayekuachia dakika ishirini za biashara yake anastahili hilo.

Kuhusu njia ya ajira, tuseme ukweli. Baadhi yetu tulianza kabla ya chuo kwa kozi ya Google iliyowekwa kwenye Coursera, jukwaa la masomo ya mtandaoni, mwaka 2021, kwa kuomba msaada wa ada, na tuliipata misingi. Lakini kazi za mazoezi tulizotengeneza zilihusu miji tusiyowahi kuiona. Mmoja wetu alipeleka mchoro wa programu ya kuegesha magari kwenye usaili. Aliulizwa amewahi kuongea na dereva gani, akakosa jibu. Tangazo la kazi la kiwango cha mwanzo linataka uzoefu wa miaka miwili. Kampuni moja iliwachukua wenzetu wawili kwa mafunzo kwa vitendo, ikawapa kupamba mabango kwa miezi mitatu, wala hawakumwona mtumiaji hata mmoja. Na vitendea kazi ni shida: programu tunayochorea, Figma, inafanya kazi kwenye kivinjari na wanafunzi hupewa bure, lakini inakula bando na inaelemea kompyuta ndogo. Tumesoma kwa kompyuta tisa, kwa zamu, na walioishi mbali walipewa zamu za mchana ili wasikose daladala. Tunawashukuru wakufunzi waliobaki nasi jioni nyingi bila malipo ya ziada.

Ndiyo maana, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu tumeyafanya machache. Kompyuta nyingine sita na intaneti ya uhakika kwa wanaotufuata tumeyaandika kwenye barua aliyonayo Mkuu wa Chuo, nayo hatutaieleza zaidi. Ombi lililo moyoni mwetu ni jingine. Ofisi unayoiongoza ina dirisha la kuhudumia wananchi, na tunajua huduma nyingi za dirisha hilo zinahamia kwenye simu. Tuwekee kiti kimoja pembeni ya dirisha hilo. Wahitimu wawili kwa zamu, wakae wiki moja kila mwezi, waone wananchi wanakwama wapi, wakuletee taarifa ya kurasa mbili. Na pale ofisi inapotangaza zabuni ya mfumo mpya, liandikwe sharti kwamba kabla ya kupokelewa ujaribiwe na wananchi watakaoutumia, kwa Kiswahili, wakiwemo wasiokuwa na simu janja. Sharti hilo likiwepo, kazi yetu itakuwepo, na vijana hawa 23 watapata miaka yao miwili ya uzoefu wakiwahudumia watu wao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yule mama wa Mabibo tulimwalika. Yuko safu ya tatu, amefunga meza yake mapema kwa ajili yetu, nasi tunamshukuru mbele yako. Baada ya risala hii tunakuomba upite meza iliyo mlangoni. Kuna simu yenye programu ile, iliyorekebishwa. Tunaomba uishike wewe mwenyewe, ujaribu kupanga tarehe ya kliniki, nasi tutakaa pembeni kimya tukitazama.

Naomba kuwasilisha.